Uzi maalumu: Vyombo vya fedha vya Rokoko, ufundi wake, na kwa nini vingi viliishia tanuruni

FuaweNaNyundo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Uzi ni mrefu, mwenye chai yake aiweke karibu. Nataka tuzungumzie vyombo vya mezani vya karne ya 18 vilivyotengenezwa kwa mtindo wa Rokoko: mabakuli ya supu yenye mifuniko, mabuli, madele ya kahawa na ya chokoleti, vidau vya chumvi, vinara vya mishumaa. Ni vile ambavyo mtu akivikuta kwenye kabati la kioo la makumbusho anasema "mapambo yamezidi" na kwenda zake. Mimi nimekulia kwenye usonara Unguja na sasa naishi London, ambako makumbusho makubwa huingii kwa tiketi, kwa hiyo vyombo hivi ninavitazama mara kwa mara na kwa jicho la mtu aliyewahi kushika nyundo.

Hoja yangu naitoa mapema ili tubishane vizuri. Ukikitazama chombo cha Rokoko kama pambo tu, hutakielewa. Kilikuwa akiba ya mwenye nyumba iliyopewa umbo, na umbo lile lilikuwa hatarini kila vita ilipopamba moto. Tunavyoviona leo ni masalia.

Tuanzie Paris, miaka ya 1720 na 1730. Louis XIV alishafariki mwaka 1715. Wakubwa wengi wakarudi mjini kujenga nyumba zenye vyumba vidogo vya starehe, chakula kikawa cha watu wachache wanaofahamiana. Mapambo ya enzi ya mfalme yule yalipimwa kwa rula, kushoto sawasawa na kulia. Rokoko ikaja na makombe ya baharini, maji yanayotiririka mwambani, majani yanayojikunja kwa herufi C na S, na upande mmoja usiofanana na mwenzake. Lakini zunguka chombo chenyewe taratibu: unakuta uzito umegawanywa kwa akili sana, hakuna mahali kinapolalia.

Aliyefika mbali kuliko wote ni Juste-Aurèle Meissonnier, mzaliwa wa Turin mwaka 1695. Mwaka 1724 akapewa cheo cha usonara wa mfalme, na 1726 akawa mchoraji wa chumba cha mfalme. Mwaka 1735 alichora seti ya mezani kwa ajili ya Mwingereza, Duke wa pili wa Kingston, pamoja na mabakuli mawili ya supu yaliyokamilika miaka michache baadaye. Moja liko Cleveland Museum of Art, Marekani. Litafuteni picha yake. Hutapata mstari ulionyooka popote. Tumbo limejikunja kama kombe kubwa, na juu ya mfuniko wamelala kamba wa maji baridi, ndege wa mawindo na mboga, utadhani mpishi amemwaga kapu lake la sokoni.

Kwa nini bakuli la supu ndilo lipewe heshima yote hii? Kwa sababu ya desturi ya meza ya Kifaransa ya wakati ule. Sahani za awamu moja ziliwekwa mezani zote kwa pamoja, na awamu ya kwanza ilikuwa ya supu na michuzi mizito. Mgeni anapoingia chumbani, kitu cha kwanza kuona ni yale mabakuli, kabla hajakaa wala kuonja. Baada ya muda yanaondolewa. Yalikuwa na dakika chache za kumwambia mgeni yuko nyumbani kwa nani.

Si kila mtu alipenda. Desemba 1754 Charles-Nicolas Cochin, mchoraji na mchongaji mwenye sauti kubwa Paris, aliandika kwenye jarida la Mercure de France ombi kwa masonara: wanapoweka juu ya mfuniko artichoki au shina la seleri kwa ukubwa wake halisi, tafadhali wasiweke pembeni yake sungura mwenye ukubwa wa kidole. Hoja ina nguvu. Ila mimi kama fundi naona sababu ambayo Cochin aliipita haraka: mboga unaweza kuitolea kalibu (umbo tupu la kumiminia fedha) ilivyo, ikabaki na kila mshipa wake. Sungura mzima juu ya mfuniko hakai. Fundi akichagua kati ya vipimo na ukweli wa ngozi ya kitu, hawa walichagua ngozi.

Nitaendelea na ufundi. Karibuni.

BintiShangani

Mkuu, haya ni madini. Swali kabla hujaendelea: yule kamba juu ya mfuniko amefuliwa kwa nyundo au amesubiwa, yaani kumiminwa kwenye kalibu? Maelezo ya makumbusho huwa yanaandika "fedha" basi, yanatuacha hapo.

FuaweNaNyundo

Dada BintiShangani, chombo kimoja kina njia zote mbili, tena na ya tatu.

Tumbo la bakuli hufuliwa. Fundi anaanza na bamba la fedha, analipiga juu ya fuawe kwa mizunguko, kutoka karibu na kitako kuelekea ukingoni, na kila mzunguko unaliinua kidogo. Fedha ikipigwa sana inakakamaa, ukiilazimisha inapasuka. Kwa hiyo anairudisha motoni mpaka iwe na wekundu uliofifia, ilainike, aanze tena. Safari za motoni ni nyingi mpaka bamba liwe tumbo.

Halafu inakuja lami, na hapa naomba nikae kidogo maana ndiyo siri ya Rokoko. Lami ya moto inamiminwa ndani ya chombo. Ikipoa inaushika ukuta kwa ndani, si ngumu kama jiwe, si laini kama udongo, inakubali kusukumwa kidogo kidogo. Fundi wa nakshi anachukua vipatasi butu vyenye vichwa vya maumbo mbalimbali: mviringo, mstari, nukta, mwezi mchanga. Havikati. Vinasukuma. Anagonga kwa nyundo nyepesi, mamia kwa maelfu ya mapigo madogo, na fedha inahama kutoka bondeni kwenda kilimani bila kupungua hata chembe. Anayeyusha lami, anaitoa, anasukuma kutoka ndani pale anapotaka mwinuko zaidi, anajaza lami upya, anarudi nje kunoa kingo. Mkipata nafasi ya kuona bakuli liko wazi, chungulieni ndani yake: kila jani la nje mtalikuta kwa ndani limegeuka kuwa shimo. Nakshi ya kuchonga kwa kalamu ya chuma, kama nembo ya ukoo, inaondoa fedha na kwa ndani huioni.

Miguu, mikono na vishikio vya mifuniko ndivyo vinavyosubiwa. Unatengeneza mfano wa nta au wa mbao, unatoa kalibu, unamimina. Na kwa viumbe kuna njia ya zamani ambayo Wenzel Jamnitzer wa Nuremberg alisifika nayo karne ya 16: unamchukua mnyama mdogo aliyekufa, unamfunika kwa plasta laini, kalibu ikikauka unaichoma mpaka mnyama anakuwa majivu, majivu yanatolewa, fedha inaingia mahali alipokuwa. Kuna vidau vya chumvi vyenye kaa na kamba kwenye Mkusanyiko wa Kifalme wa Uingereza, vya mwaka 1742 na 1743, kazi ya Nicholas Sprimont, mzaliwa wa Liège aliyehamia London. Inaaminika vilitokana na kaa na kamba halisi. Tazama gamba la kaa yule: vipele vyake vyote vipo, na kiungo cha kila mguu kinaonekana kilivyofungwa. Sprimont baadaye akaanzisha kiwanda cha kauri Chelsea, na kidau cha kamba kikatengenezwa tena kule kwa kauri.

Mwisho vipande vyote vinaunganishwa kwa lehemu inayoyeyuka mapema kuliko fedha yenyewe. Fedha safi inayeyuka kwenye nyuzi 962 hivi. Fundi anayelehemu mguu wa tatu akizidisha moto, mguu wa kwanza unadondoka.

Na jambo la haki: Meissonnier alichora mabakuli ya Kingston, lakini majina ya masonara Henry Adnet na Pierre-François Bonnestrenne nayo yanatajwa kwenye kazi ile. Tunamtaja mchoraji, tunawasahau waliounguza vidole.

MzeeWaAmu

Kalibu ya nta si ngeni pwani. Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu la sherehe lililoko makumbusho ya kwetu, ilisubiwa kwa nta. Ukiiona nakshi yake utajua kwamba aliyeifanya hakuwa mwanafunzi. Nasema hili vijana wasidhani ufundi huu ulikaa Paris peke yake.

FuaweNaNyundo

Ahsante mzee wangu, shikamoo. Na siwa ina jambo moja ambalo bakuli la Duke halina: ilipigwa mbele ya umma, kwenye shughuli za mji mzima. Bakuli lilionwa na wageni wa mtu mmoja.

MchimbajiGeita

Mkuu, hivyo vidau vya kaa nimevitafuta kwenye simu, vinaonekana vya dhahabu. Umesema fedha. Ipi ni ipi?

FuaweNaNyundo

Ni fedha iliyopakwa dhahabu. Chumvi inaila fedha, inaiachia madoa meusi na vishimo, kwa hiyo vidau vya chumvi vilipakwa dhahabu walau kwa ndani.

Namna ya kupaka wewe huko Geita unaijua kuliko mimi. Dhahabu inachanganywa na zebaki mpaka iwe rojo, rojo linasambazwa juu ya fedha kwa brashi, chombo kinawekwa motoni, zebaki inapaa na dhahabu inabaki imeshika. Ule mvuke ndio uliowaua watu. Mafundi wa kupaka dhahabu Paris, hasa wale wa shaba ya kupambia vyombo vya kauri na samani, walijulikana kwa mikono inayotetemeka na meno yanayong'oka.

MchimbajiGeita

Sisi tunachomea kwenye sufuria nyuma ya nyumba, watoto wapo hapo hapo. Kumbe ni kifo kile kile cha tangu zamani. Nashukuru kwa jibu, na wenzangu wa machimboni mnaosoma hapa, kile kifaa cha kunasia mvuke kinatengenezeka kwa mabomba ya chuma, tafuteni fundi.

KaziKwanza

Nimekuelewa kwenye ufundi. Lakini ulisema "masalia". Nani alivimaliza? Wanamapinduzi wa 1789?

FuaweNaNyundo

Wao walikuja mwisho kabisa. Waliotangulia ni wafalme wenyewe.

Kumbuka fedha ya chombo na fedha ya sarafu ni madini yale yale. Tajiri wa Paris hakuwa na akaunti ya benki kama ya kwako. Akiba yake ilikuwa mezani. Siku mambo yakibana, anapeleka vyombo kwenye nyumba ya kupigia sarafu, vinapimwa, vinayeyushwa, anachukua pesa. Kazi ya fundi haihesabiwi hata senti.

Mwaka 1689 Louis XIV aliamuru samani za fedha za Versailles ziyeyushwe kulipia vita, meza, vinara, hata vyungu vya michungwa, takriban tani 20. Mwaka 1709, mwaka wa njaa na vita, wakubwa wakatakiwa tena kupeleka vyombo. Mwaka 1759, katikati ya Vita vya Miaka Saba, ikawa zamu ya Louis XV: naye akapeleka vyombo vyake, na nchi nzima ikahimizwa kumfuata. Hapo ndipo Rokoko ya Kifaransa ilipopata pigo, maana vilivyoyeyushwa vilikuwa vipya kabisa, vya miaka ya 1730 na 1740, kazi za mafundi waliokuwa wangali hai. Mapinduzi yalipofika yalikusanya yaliyobaki.

Ndiyo maana ukitaka kuona fedha bora ya Paris, nakushauri uende Lisbon. Thomas Germain, aliyeishi 1673 hadi 1748, sonara wa mfalme mwenye makazi ndani ya Louvre, alikuwa akitengeneza vyombo kwa ajili ya mfalme João V wa Ureno. Tetemeko la Novemba 1, 1755 likaangamiza jumba la kifalme na vyombo vilivyokuwemo. Mfalme mpya, José I, akaagiza upya kwa mtoto wake Germain, François-Thomas, seti kubwa ajabu. Masalia yake yako Museu Nacional de Arte Antiga, na ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za fedha ya Kifaransa duniani. Mji huo huo, kwenye makumbusho ya Gulbenkian, kuna picha ya Thomas Germain na mkewe iliyochorwa na Nicolas de Largillière mwaka 1736. Sonara amevaa nguo za kibwana, na kazi zake ziko pembeni yake. Mafundi wachache sana wa enzi ile walichorwa hivyo.

Mtoto wake hakuwa na bahati hiyo. François-Thomas aliuza kwa wafalme wa Ureno na Urusi, na bado mwaka 1765 alifilisika. Wafalme wanachelewa kulipa, na fedha ghafi unainunua leo kwa pesa taslimu. Fundi yeyote anayesoma hapa anajua maumivu hayo.

Mwaka 1996 bakuli la supu la Thomas Germain liliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 10. Bei ile hailipii madini, inalipia kwamba halikuyeyushwa.

Mtafiti254

Wadau, naomba nichangie upande wa London, maana mkuu ameegemea Ufaransa.

Rokoko ya Kiingereza ililetwa kwa sehemu kubwa na Wahugenoti, Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia baada ya Louis XIV kufuta haki zao za ibada mwaka 1685. Maarufu kuliko wote ni Paul de Lamerie. Alizaliwa 's-Hertogenbosch, Uholanzi, mwaka 1688, akaletwa London mtoto mchanga. Mwaka 1703 akaanza kujifunza kazi kwa Pierre Platel, naye Mhugenoti, na 1713 akasajili chapa yake.

Kazi yake inayofikika kirahisi ni ile iitwayo Newdigate Centrepiece, iliyoko Victoria and Albert Museum, ya mwaka 1743, zawadi ya harusi ya Sir Roger Newdigate na Sophia Conyers. Ni bakuli pana juu ya miguu, lenye matawi manne, na kila tawi limebeba kisahani cha vitamutamu. Visahani vinatoka. Pazuri pa kujifunza mkunjo wa kombe ni pale.

Ila kuna habari nyingine ya Lamerie. Kuanzia 1720 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru wa peni 6 kwa kila wakia ya chombo cha fedha kilichopelekwa kupimwa. Chombo kikubwa kina wakia mia na zaidi, pigeni hesabu wenyewe. Baadhi ya masonara wakawa wanapeleka kisahani kidogo kupimwa na kugongwa chapa, wanakata kile kipande chenye chapa, wanakilehemu kwenye chombo kikubwa. Vipo vyombo vya Lamerie vya namna hii, na vinajulikana. Na huyo huyo baadaye akakaa kwenye kamati ya chama cha masonara iliyoshughulikia sheria ya kukomesha udanganyifu wa chapa. Ushuru ule ulifutwa 1758.

Kingine: kazi zake bora za miaka ya 1736 hadi 1745 hivi zina mkono wa mtu ambaye jina lake halijulikani. Wataalamu wanamwita Maynard Master, kwa sababu ya sahani moja aliyotengenezewa Lord Maynard. Chapa ni ya Lamerie, lakini watoto wanene na wanyama wenye nguvu vile ni vya huyo asiyejulikana.

FuaweNaNyundo

Mtafiti, ahsante sana, hili la Maynard Master ndilo linalonikereketa. Karakana ya Lamerie ilikuwa na wafuaji, wasubuji, wachongaji, wanafunzi. Chapa ni ya mwenye duka. Ukisoma "Paul de Lamerie" kwenye kibao, soma kama unavyosoma jina la kampuni.

BintiShangani

Na wanawake? Au nao walikuwa wa kupewa tu kama zawadi ya harusi?

FuaweNaNyundo

Walikuwepo, na kwa London tuna majina. Elizabeth Godfrey alikuwa binti wa sonara Mhugenoti Simon Pantin. Alisajili chapa yake mwaka 1731 akiwa mjane wa Abraham Buteux, akaolewa tena na sonara Benjamin Godfrey, naye akafariki, akasajili nyingine mwaka 1741. Wanawake waliosajili chapa peke yao, wengi wakiwa wajane, chapa zao zilikuwa na umbo la almasi, kwa hiyo ukilikuta umbo lile chini ya chombo unajua mwenye karakana alikuwa mwanamke. Makopo yake ya majani ya chai na sukari ni Rokoko ya hali ya juu, na kwa maoni yangu nakshi yake imetulia kuliko ya Lamerie. Lamerie wakati mwingine hajui pa kuishia.

NyotaYaPwani

Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme. Mnazungumza lami, mnazungumza lehemu, mnazungumza chapa. Fedha ilitoka wapi? Ilitoka Mexico, na ilitoka Potosí, mlima wa Bolivia ya leo, ambako Wahispania walianza kuchimba mwaka 1545 na tangu miaka ya 1570 wakawalazimisha wenyeji kuchimba kwa zamu. Na ndani ya dele na bakuli la sukari kulikuwa na nini? Sukari ya visiwa vya Karibiani, iliyolimwa na Waafrika watumwa. Kahawa ya Bourbon, kisiwa kinachoitwa Réunion leo, ambako Wafaransa walipeleka miche kutoka Mocha, bandari ya Yemen, mwaka 1715, na mashamba yakalimwa na watumwa kutoka Madagaska na Afrika ya Mashariki.

Sisi tumo humo. Septemba 14, 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice: watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kila kichwa. Piasta hizo ni sarafu za fedha za Kihispania, kutoka machimbo yale yale. Mnaponiambia nitazame kombe lilivyojikunja, mimi natazama piasta 20.

KaziKwanza

Mkuu NyotaYaPwani hapa umenifunga mdomo. Ila 1776 Rokoko ilishapitwa, si ndiyo? Tusichanganye miaka.

NyotaYaPwani

Paris ilishapitwa, kweli. Lakini kahawa ya Bourbon ilikuwa ikinywewa tangu miaka ya 1720, na watu walikuwa wakichukuliwa tangu wakati huo. Mkataba wa Kilwa umeikuta biashara njiani.

FuaweNaNyundo

NyotaYaPwani, sina cha kukupinga kwenye ukweli uliouweka, na nilikuwa nangoja mtu aulete. Nina mawili ya kuongeza.

La kwanza, dele la kahawa ni mahali ambapo jambo lako linaonekana kwa macho, kuliko bakuli la supu. Tazama madele ya fedha ya Rokoko: kishikio cha mbao nyeusi ili mkono usiungue, mdomo uliopinda, na mara nyingi jani la mkahawa na buni zake zimenakshiwa kwenye mdomo au juu ya mfuniko. Kuna moja la François-Thomas Germain la mwaka 1757, liko Metropolitan Museum, New York, lenye majani na buni hizo mahali pake. Fundi aliuchunguza mmea kwa makini mpaka unaweza kuutambua. Aliyeulima hayumo. Makumbusho mengi yanaandika uzito wa chombo, jina la fundi na nembo ya mwenye nyumba, na hayaandiki neno juu ya shamba. Hilo linaweza kubadilishwa kwa mistari miwili ya kibao, na sisi wasomaji wa Kiswahili tunaokaa huku tunayo haki ya kuwaandikia na kuwaomba. Nimeanza kufanya hivyo na nitaendelea.

La pili, sikubaliani na anayesema basi tusivitazame. Yule mfuaji wa Paris mwenye mapafu ya zebaki naye hakuwahi kunywa supu kutoka kwenye bakuli lake. Nikikipita chombo bila kukisoma, nimempa ushindi mwenye nembo peke yake. Mimi nataka nikisome chote: mkono wa aliyesukuma nakshi, mgodi, shamba, na yule mhasibu wa mfalme aliyekuwa tayari kukiyeyusha.

NyotaYaPwani

Hapo kwenye vibao vya makumbusho tuko pamoja. Ukiandika barua nyingine niwekee nakala humu, nami nitaiandikia ile ya huku nilipo.

MgosiWaMlima

Wakuu, mada nzito, lakini nina swali la chini kabisa. Nilinunua buli kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya walowezi wa zamani. Lina makombe, lina maua, linang'aa. Chini limeandikwa EPNS. Je, nimepata Rokoko?

FuaweNaNyundo

Mkuu, hizo herufi zinamaanisha shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, ikapakwa fedha kwa umeme. Njia hiyo ilipata hataza Birmingham mwaka 1840, kampuni ya Elkington, kwa hiyo buli lako haliwezi kuwa la karne ya 18. Waingereza wa karne ya 19 waliupenda mno mtindo huu wakaurudia kwa mashine, na vingi vya namna hiyo ndivyo vilivyosafiri na walowezi kuja Kenya na Tanganyika.

Fedha halisi ya London ya wakati wa Rokoko itafute alama nne: simba anayetembea, maana yake fedha asilimia 92.5, kichwa cha chui chenye taji, ambacho ni chapa ya London, herufi ya mwaka, na herufi za fundi. Ya Paris ina chapa ya fundi yenye ua la yungiyungi na taji, pamoja na chapa za chama na za ushuru. Alama zikiwa zimekaa kwenye kipande ambacho rangi yake au unene wake hauendani na chombo kilichobaki, kumbuka somo la Mtafiti.

Buli lako lakini usilitupe wala usilisugue kwa mchanga au majivu, fedha ya juu ni nyembamba sana na ikitoka hairudi. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, ukaushe hapo hapo. Na tuwekee picha ya kishikio, kwa sababu kama ni cha kusubiwa kwa mkono kuna jambo nataka kukuonyesha.